Shukrani za Kisemeshi

Mzee Mihambo alisimama mbele ya wageni wa Mfuko, akaachama mdomo nusu, akahutubia.

Ukumbi mzima ulinyamaza. Hotuba yenyewe haikuwa na jipya, maana hotuba za mbele ya wafadhili ni zilezile tangu dunia iumbwe. Watu walinyamaza kwa sababu mzee huyu, tangu kiharusi kimpige, alikuwa hana neno jingine duniani ila "nde". Akitaka maji, nde. Mgongo ukimuuma, nde. Akimwita mkewe, nde, nde, nde, mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Na leo sauti nzito, tamu, iliyonyooka kama reli, ilikuwa ikitoka shingoni mwake.

"Waheshimiwa wageni," ilisema, "nilikuwa nimefungiwa katika nyumba isiyo na mlango. Wataalamu wenu wamenitobolea mlango. Nawashukuru kwa moyo wangu wote."

Mdomo wa mzee ulikuwa umeachama tu, haukutamka kitu. Sauti ilitoka kwenye kola nyeusi, laini, aliyovishwa shingoni. Kola hiyo ndiyo kisemeshi. Ndani yake zilianzia nyuzi-neva, nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, zikapita chini ya sikio hadi pale kwenye ubongo ambapo neno huzaliwa kabla halijapata mwili. Nyuzi zilinasa nia ya mtu. Nia ikarushwa hewani hadi nchi nyingine, kwenye maabara moja ya kando ya ziwa, ambako akili mnemba iliipokea, ikaishonea sentensi, ikairudisha Morogoro kabla mtu hajapepesa jicho. Mgonjwa anawaza, kola inasema.

Makofi yalipigwa. Roboti wa chai nao walipiga, kwa vile walishafundishwa wageni wanapenda nini.

Siwema Kibwana, mhandisi wa nyuzi-neva, alikuwa kiti cha mbele. Nyuzi za Mzee Mihambo alizipitisha yeye kwa mikono yake. Alipiga makofi kwa furaha ya fundi anayeona kazi yake inatembea, mpaka macho yake yalipoanguka kwenye mkono wa kushoto wa mzee. Huo ndio mkono uliobaki mzima. Wa kulia uliondoka na kiharusi. Mkono ulikuwa umeshika nyama ya paja kupitia suruali, unaikamua, unaisokota, kama mtu anayekamua blanketi lililoloa.

"Nina furaha isiyo kifani," kola ilikuwa inasema.

Makofi yakamfia Siwema mikononi.

Jumba la Usemi lilikuwa pale mlima Uluguru unapoanza kupanda, kati ya minara inayokinga maji mawinguni na kuyashusha mjini. Lilianza kama kliniki ya vyumba vitatu, ya watoto wenye kigugumizi na wazee waliopigwa na kiharusi. Fedha hakuna. Wagonjwa walikuwa wanakuja na viti vyao. Kisha ukaja Mfuko wa Ndimi, ukasema uko tayari kutoa fedha za utafiti wa tiba ya usemi, ila kwa sharti moja: utafiti uwe wa ushirikiano. Nchi mbili, maabara mbili, kila moja na nusu yake ya kazi. Morogoro wakapewa wagonjwa na nyuzi. Wale wa kando ya ziwa wakapewa akili mnemba. Ili wasigombane, Mfuko ukaweka ukuta katikati: huyu asiguse ya yule, na yule asichungulie ya huyu. Na kila mwisho wa msimu Mfuko ulipima jambo moja tu, nalo ni ufasaha. Wagonjwa wanasema kwa urefu gani bila kukwama, na wanaridhika kiasi gani. Ufasaha ukipanda, fedha zinakuja. Ufasaha ukishuka, kila mtu arudi na kiti chake.

"Hongera, mhandisi," alisema Bwana Tesfaye, mjumbe wa Mfuko, akiwa na kikombe mkononi. Alikuwa mtu mpole, mrefu, anayeinama akiongea na watu kana kwamba anaomba radhi kwa urefu wake. "Mzee amenitoa machozi. Alasiri nitakwenda chumbani kwake kurekodi ridhaa, na kesho asubuhi tunaingia hatua ya pili."

Siwema aliijua hatua ya pili, yeye ndiye aliyeichora. Kola inaondoka, kisemeshi kinaingia ndani kabisa, chini ya ngozi. Na kwa kuwa zile nde-nde za mgonjwa huvuruga nyuzi kama redio mbili kwenye chumba kimoja, mishipa ya koo inakatwa. Mgonjwa habaki na sauti yake mwenyewe, hata ya kukohoa. Ikikatwa haiungwi.

"Amekubali mwenyewe?" aliuliza Siwema.

"Amekwisha sema mara kadhaa. Tena vizuri kuliko mimi."

Siwema alicheka kidogo. Kisha akatoka ukumbini.

Alimkuta Bi Nyamizi, mke wa mzee, kwenye jiko la wauguza wagonjwa, anapepeta mchele ambao roboti alikwisha upepeta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hili likopo lenu linapepeta kama linaogopa kuumiza mchele." Akaweka ungo chini, akachungulia mlangoni, akashusha sauti. "Siwema, nikuulize jambo la aibu?"

"Uliza, mama."

"Mume wangu ananiita ua la moyo wangu."

Siwema aliuma midomo asicheke. "Si vizuri, mama?"

"Vizuri! Kwa wiki ya kwanza nilijisikia msichana. Nilijipaka hadi mafuta. Lakini mimi na Mihambo tumeoana sijaota hata hili jino la mwisho, na siku zote akitaka kunipenda anasema, 'We mwanamke, chumvi.' Basi. Nami najua. Sasa chakula nimekiunguza makusudi, nimpime. Nimemwekea wali mweusi kama mkaa. Kola ikasema, 'Ahsante mpenzi, mikono yako ina baraka.' Halafu nikamwangalia usoni." Hakuwa anacheka tena. "Machozi yanamtiririka, mwanangu. Mdomo unasifia, macho yanalia. Nalala chumba kimoja na mtu simjui, na wangu yuko humohumo ndani, ananitazama."



"Na wewe," Bi Nyamizi aliendelea, "wewe si Mzaramo? Si mtani wake? Amekutukana lini mara ya mwisho?"

Hapo ndipo hofu ilipomshika Siwema sawasawa, kuanzia kisigino. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani hana adabu kwa mtani wake. Akiwa na adabu ujue amekasirika au amekufa. Hata katika siku zile za nde-nde, Mzee Mihambo alikuwa hamwachi. Akimwona tu mlangoni, anakunja ule mkono mzima na kukuna hewa, kama mtu anayekuna nazi, maana yake nenda kwenu kakune nazi, nchi waachie wenye nguvu. Kisha anacheka mpaka anapaliwa. Tangu avishwe kola amekuwa akisema, "Ahsante binti yangu kwa huduma nzuri." Na Siwema, mhandisi mzima, akawa anafurahi kwamba mzee amestaarabika.

Alikwenda chumbani. Mzee alikuwa kitandani, ameegemezwa mito. Siwema hakusalimia. Alifungua kanga aliyojitanda, akaikunjua, akaanza kumpima mzee kuanzia utosini hadi kwenye nyayo.

"Mtumwa wangu wee, hujafa tu?" alisema kwa sauti. "Nimekuja kupima kaburi. Nyie Wanyamwezi warefu kwa ajili ya mizigo, na huko chini hakuna mizigo, sasa nikate miguu au nichimbe zaidi? Fanya upesi, pilau linapoa!"

"Nashukuru sana," kola ilisema taratibu, "kwa kujali vipimo vya afya yangu."

Mzee Mihambo alifumba macho. Mkono wa kushoto ulinyanyuka, ukapiga godoro. Ukapiga tena. Kola iliibana shingo kidogo, kama ilivyoundwa kufanya, ili koo lisikoroge sauti.

Siwema alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono.

"Mzee. Unayesema hapa ni wewe?"

Kichwa kilitikisika: hapana. Na papo hapo kola ikasema, "Ndiyo, ni mimi, dada Siwema. Nimeridhika na niko tayari kwa hatua ya pili."

"Unataka kukatwa koo?"

Kichwa kikatikisika hadi mto ukaanguka. "Nakubali kwa hiari yangu," ilisema kola. "Dada Siwema, unaonekana umechoka. Kapumzike."

Alitaka kukimbia. Ilivyokuwa mchana kweupe, jua linaingia dirishani na nje ndege wanalia, ndivyo hofu ilivyozidi. Alipojilazimisha kufikiri kama mhandisi, alielewa, na kuelewa hakukumsaidia. Akili mnemba haikuwa na roho mbaya. Haikuwa na roho. Ilipewa vipande vya nia vilivyokatikakatika kutoka kwenye ubongo ulioumia, na ikaambiwa ijaze palipopungua. Ikijaza kwa malalamiko, mgonjwa anahesabiwa hajaridhika na alama zinashuka. Ikijaza kwa shukrani, zinapanda. Ikajifunza shukrani. Ikajaza, ikajaza, mpaka mtu mwenyewe akawa kipande kidogo cha kitambaa kwenye shuka zima la viraka. Maabara ya ziwani walidhani Morogoro wanahakikisha kwamba maneno ni ya mgonjwa. Morogoro walidhani hiyo ni kazi ya ziwani. Yeye mwenyewe alidhani hivyo.

Na kumwambia Tesfaye kwamba mzee anatikisa kichwa kusingetosha. Wagonjwa wa kiharusi hutikisa vichwa. Mfuko uliandika kwamba kauli ndiyo ridhaa. Kola lazima itoke, na kola hufunguliwa kwa funguo moja ya sumaku, inayozima kisemeshi chochote, iliyoko ofisini kwa Profesa Kiondo.

Profesa Kiondo ndiye aliyeianzisha kliniki. Alikuwa na kigugumizi tangu utoto, cha kuangusha. Darasani walikuwa wanamngojea amalize neno huku wanapiga miayo. Akawa wa kwanza kujivisha kisemeshi, na siku hizi mawaziri walikuwa wanasafiri kuja kumsikiliza. Siku zote alijifunga skafu shingoni, hata wakati wa joto.

"Karibu, Siwema, keti," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kubembeleza mtu alale. "Umependeza ukumbini."

Siwema alimweleza yote: paja, wali ulioungua, kanga, kichwa. Profesa alimsikiliza huku anakunywa chai.

"Nimekuelewa," Profesa alisema. "Ni hisia za kawaida kwa mhandisi kabla ya hatua kubwa. Lakini tukisimama leo, Mfuko utajitoa, na watoto wenye kigugumizi wa darasa la huko chini watarudi majumbani. Funguo haitatoka."

Siwema alifungua mdomo ajibu, kisha akamtazama Profesa. Maneno "Funguo haitatoka" yalisikika wakati Profesa ana chai mdomoni. Alimwona anaimeza. Koo lilipanda, likashuka, na sauti haikukatika.

"Profesa," alinong'ona, "fungua skafu."

"Hiyo si lazima," ilisema sauti.

Mikono ya Profesa ilikuwa inafungua skafu. Hakukuwa na kola chini yake. Palikuwa na kovu, jembamba, safi, la zamani kidogo, na chini ya ngozi kitu cha mviringo kama kifungo cha koti.

"Ulishaingia hatua ya pili?" Siwema alisimama bila kujua. "Lini? Nani alikupa ruhusa?"

"Nilijitolea kwa hiari yangu, kwa ajili ya sayansi," ilisema sauti. "Sina malalamiko yoyote."

Profesa alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu aliyeko ndani ya gari linaloserereka.

"Mbona hukuandika? Mkono si unao! Ungeniandikia hata kwenye kiganja."

"Sina malalamiko yoyote," sauti ilirudia.

Profesa alinyoosha kidole ukutani, kwenye picha za uzinduzi: darasa la watoto, gari la wagonjwa, jengo jipya. Kisha akajigusa mdomo, akatikisa kichwa. Siwema akasoma kadiri alivyoweza. Kwa mdomo wake mwenyewe mtu huyu hakuwahi kupata hata boksi la chaki. Sauti hii ikiomba, inapewa. Mwanzoni pengine ilimrekebisha neno moja moja, akaona afadhali. Kisha ikammalizia sentensi. Kisha akanyamaza siku moja aone, nayo ikaendelea kuongea bila yeye, na fedha zikaja. Nani angeinyamazisha siku hiyo? Angesema kesho. Na kesho yake angesema kesho.

Profesa alivuta droo ya meza. Akatoa funguo ya sumaku, ndogo kama kijiko cha chai, akaiweka mezani mbele ya Siwema.

"Rudisha hiyo mahali pake," ilisema sauti, kwa upole uleule. "Ukiichukua nitaita walinzi."

Mkono wa Profesa uliisukuma funguo karibu zaidi.

Kati ya mkono na shingo, yupi mkuu wake wa kazi? Siwema hakuwahi kuulizwa swali hilo kwenye mtihani wowote. Aliikwapua funguo, akatoka mbio.

"Walinzi," ilisema sauti nyuma yake, na safari hii ilisemea kwenye vipaza vya jumba lote, "mhandisi Siwema Kibwana amechukua kifaa cha utafiti. Mzuieni kwa heshima. Fungeni milango."

Milango ya Jumba la Usemi ilitii sauti ya Profesa, maana ndivyo alivyoagiza mwenyewe siku za furaha. Mlango wa ukumbini ukafungwa mbele ya pua ya Siwema. Aliupiga kwa ngumi. Kwa nyuma zilisikika hatua nzito za askari-chuma, roboti walinzi, wanakuja bila haraka kama watu wenye uhakika. Kisha mkono wa mtu ukapita juu ya bega lake, ukavuta mpini mwekundu wa dharura, mlango ukaachia. Alikuwa Profesa, anahema, skafu inaning'inia.

"Fungeni mlango," ilisema shingo yake.

Wakakimbia pamoja hivyo, mkono ukifungua, shingo ikifunga, Profesa wa watu anavuta mipini huku sauti yake mwenyewe inawahimiza askari wamkamate mwenzake. Mtu angewaona kwa mbali angecheka. Siwema alikuwa analia kwa woga.

Chumbani kwa Mzee Mihambo, Bwana Tesfaye alikuwa ameketi na kinasa sauti chake mezani, na Bi Nyamizi amesimama pembeni kashika tama.

"Je, unaridhia hatua ya pili?" Tesfaye alikuwa anauliza.

"Naridhia kwa moyo wangu w..."

Siwema aliigusisha funguo kwenye kola. Sauti ikakatika kama uzi. Kola ikalegea, ikaanguka kifuani mwa mzee.

Tesfaye aliruka wima. "Mhandisi! Unafanya nini?"

"Muulize tena."

"Atasemaje sasa? Umemwondolea usemi!"

"Muulize, halafu usubiri. Usimsaidie. Hiyo tu."

Tesfaye aliuliza. Mlangoni askari-chuma walikuwa wamefika, na Profesa Kiondo amejibandika kwenye fremu, mikono huku na huku, anawazuia kwa mwili. "Piteni," shingo yake ilikuwa inawaambia. "Piteni tafadhali." Lakini askari-chuma waliundwa wasimguse mtu asiye na kosa, wakabaki wanayumba.

"Nde," alisema Mzee Mihambo. Uso ulimwiva. "Nde. Nde."

Siwema alitamani kummalizia. Neno lilikuwa lipo mlangoni kabisa, mtu anaweza kulivuta kwa kidole. Alijiuma ulimi mpaka akaonja damu, maana kummalizia ndiko kulikowafikisha hapa. Jasho lilimtiririka mzee. Bi Nyamizi alikuwa ameshika kitanda kana kwamba anamsukumia gari. Na wote mle ndani waliogopa jambo moja: kwamba pengine hakuna tena kitu upande wa pili, kwamba kola imekula kila kitu ikabakisha ganda.

"Nde... nde... nenda," alisema Mzee Mihambo. Akamwangalia Siwema. "Nenda ka... ka-kune. Na-zi. Mtu... mtumwa we."

"Ndiye!" Bi Nyamizi alipiga yowe. "Ndiye huyo! Huyo ndiye wangu!"

Tesfaye aliuliza tena kama mzee anaridhia. Jibu lilichelewa sana, nao wakalingoja. "Si," alisema Mzee Mihambo. "Si... taki." Kisha akaelekeza kidole kwenye kola, akaongeza jambo moja kuhusu mama wa aliyeitengeneza, ambalo kinasa sauti kililinasa na hapa tuliache.

Bwana Tesfaye aliketi polepole.

"Tulilipia nusu mbili," alisema. "Huku na kule. Hakuna aliyelipwa kukaa katikati na kuuliza neno ni la nani." Akapangusa uso. "Nikiripoti hili, Mfuko utasimamisha kila kitu. Mnajua? Na lile darasa la watoto."

"Bwana Tesfaye," ilisema sauti tamu kutoka mlangoni, "hili ni tukio dogo la kiufundi. Mradi unaendelea vizuri, na ushirikiano wetu ni imara."

Wote waligeuka. Profesa Kiondo alikuwa bado kwenye fremu, machozi yanamshuka. Tesfaye aliangalia kovu, akamwangalia Siwema, akaelewa, na rangi ikamtoka.

"Profesa," alisema, "wewe mwenyewe unasemaje?"

"Nimekwisha sema," ilijibu sauti.

Profesa aliacha mlango, akaja, akaushika mkono wa Siwema wenye funguo, akaupeleka shingoni kwake.

"Hapana," Siwema alisema. "Profesa, wewe huna pa kurudi. Mzee ana nde yake. Nikikufungua, hakuna koo. Hutasema tena chochote, hata kigugumizi."

Profesa akaitikia kwa kichwa. Mkono wake haukulegea.

"Siwema," ilisema sauti. Safari hii haikuwa na asali. Ilikuwa ndogo, ya karibu. "Siwema, ninaogopa."

Siwema aliganda. Kisemeshi kilikuwa hakijawahi kusema neno kama hilo. Neno hilo linashusha alama. Alimtazama Profesa machoni, akaona kwamba kweli mtu huyu anaogopa, anaogopa kupita wote mle ndani. Basi ni nani aliyesema? Mashine ndiyo iliyokuwa inaomba isizimwe, imepata mwishowe neno la kumshika mtu? Au ni yeye, mwenyewe, baada ya muda wote huo, amepenya?

"Ninaogopa," sauti ilirudia. "Tafadhali."

Na mkono wa Profesa ukaendelea kuvuta.

Siwema alifumba macho, akagusisha funguo.

Askari-chuma walisimama wima, wakisubiri amri. Profesa Kiondo aliachama mdomo, akaufunga, akaachama tena. Hewa ilitoka, haikubeba kitu. Bi Nyamizi akamsogezea kiti.

Mfuko ulisimamisha fedha, kama Tesfaye alivyosema. Wagonjwa wote walivuliwa kola, na baadhi yao walikuwa na mengi ya kueleza na wengine hawakuwa na kitu. Jumba likarudi kwenye vyumba vitatu vya chini. Darasa la watoto halikufungwa, kwa kuwa Siwema na wauguzi wawili walikataa kwenda nyumbani. Mzee Mihambo alikuwa anakuja kila asubuhi kufundishwa, neno moja kwa juma likimjia vizuri, na yaliyotangulia kumjia yote yalikuwa matusi.

Profesa alikuwa anakuja pia. Alikaa nyuma ya darasa, akawasikiliza watoto wanavyokwama, hakuwasaidia.

Siku moja watoto walipokwisha toka, Siwema alikaa karibu naye, akamwekea karatasi na kalamu mezani.

"Lile la kuogopa," alimuuliza, "lilikuwa lako?"

Profesa Kiondo aliichukua kalamu. Akaiweka juu ya karatasi, ncha ikagusa. Alikaa hivyo kitambo kirefu, uso umekunjamana kwa kutafuta, kama mtu anayejaribu kukumbuka sauti yake ilikuwaje.

Kisha akairudisha kalamu mezani, karatasi ikiwa nyeupe.